Volti 12 Zisizo na Adabu

Jamani, mtu asikudanganye kwamba ukinunua karavani umepata nyumba. Umepata gari lisilo na injini na nyumba isiyo na umeme, vyote kwa bei moja. Mimi ninalo. Lipo hapa Malangali, Sumbawanga, limeegeshwa kwenye kiwanja cha jirani ambaye kila asubuhi ananikumbusha kiwanja ni cha nani. Magurudumu mawili. Dirisha moja halifungi, jingine halifunguki. Aliyeniuzia aliapa kwamba lilikuwa ofisi ya mafundi waliojenga lami ya Tunduma hadi Sumbawanga. Nikalipa haraka asije akabadili mawazo. Kumbe na yeye alikuwa na haraka zake.

Mpango ulikuwa mtamu. Ninyoe watu, nichaji simu, niweke na televisheni ya kuvuta wateja, siku za mnada Canter la shemeji linivute mimi na saluni yangu hadi kwenye hela. Kilichobaki ni umeme tu. Eti tu!

Umeme wa kwetu nao una mambo yake. Miaka na miaka Sumbawanga tumewasha taa kwa umeme unaonunuliwa Zambia, unaingilia upande wa Mbala. Unavuka mpaka usiku na mchana hauulizwi kitu. Mimi nikienda kusalimia watu upande wa pili naulizwa kitambulisho, naulizwa narudi lini, naulizwa hata kilichomo kwenye rambo. Sasa kuna mradi wa TAZA, njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma, wa kutuunga na gridi ya taifa. Safi sana. Lakini nani ataifungia mita ya LUKU nyumba inayohamahama? Ikabidi nigeukie sola. Ndugu zangu wa Dar walipata cha kusema. "Wewe uko Sumbawanga unanunua sola ya nini? Si utume radi ikuchajie betri!" Utani huo tumeuzoea. Ningekuwa najua kutuma radi, ningeanza na aliyeniuzia karavani.

Nikanunua vitu. Paneli ya wati 100. Kontrola ya kuchajia. Inveta ya wati 300 yenye feni inayopiga kelele kuliko mashine ya kunyolea. Betri nikachukua N70, ya gari, kwa sababu betri ni betri. Na waya nikachukua ule mwembamba wa spika, bei poa. Kwani volti 12 zitafanya nini? Ukishika kwa vidole husikii hata kutekenywa.

Nikawasha. Televisheni ikawaka, wateja wakapiga makofi, nikatembea kidogo mle ndani kifua mbele, hatua mbili tu maana ya tatu ni ukuta. Halafu ikaja harufu. Natazama chini, ngozi ya waya imelainika, inang'aa, inateremka taratibu kutoka kwenye shaba. Mzee mmoja niliyekuwa nimemnyoa upande wa kushoto akanyanyuka na shuka langu shingoni. Akatoka. Akagoma kurudi. Alizunguka sokoni na nusu kichwa, na kila aliyemuuliza alitajiwa jina langu, la ukoo na la baba.

Watu wakasema weka fyuzi. Nikaweka. Ikawa inakatika hovyo, uchokozi mtupu, ndugu yangu. Nikaizungushia ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Haikukatika tena. Nikajiona injinia.

Mama watoto, bila kuniuliza, akamwita mpwa wake aliyemaliza ufundi umeme VETA. Binti mdogo, ovaroli limemzidi, mita mkononi. "Shikamoo baba." Marahaba. Heshima yangu yote ya siku ile iliishia hapo. Akainama chini ya meza, akarudi na ile karatasi kaishika kwa vidole viwili, akainyanyua juu wateja waione. Hakusema kitu. Wateja ndio waliosema.

Kisha akanipigia hesabu nyuma ya kalenda. Kitu cha wati 100 kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230 hakifikishi hata nusu ampia. Wati hizohizo kwenye volti 12 ni zaidi ya ampia 8. Inveta yangu ikibanwa hadi wati 300 inavuta ampia 25 na ushee, na ampia ndizo zinazopasha waya moto. Kwa hiyo volti zikipungua waya unanenepa! Nani alinifundisha hilo? Hakuna. Akatoa waya wa spika wote, akaweka milimita 16 toka kwenye betri hadi kwenye inveta, mfupi kabisa. Fyuzi akaihamishia jirani na kichwa cha chanya cha betri. Mimi nilikuwa nimeiweka kule kwenye televisheni ili niione vizuri. "Baba, fyuzi inalinda waya. Waya ukichunika hapa katikati ukagusa bati, fyuzi ya kule mwisho itajuaje?" Na kweli karavani likivutwa barabarani linatetemeka lote, waya unasuguana na matundu ya bati kutwa nzima. Kila tundu akalivisha mpira.

Nikaona siwezi kuaibishwa hivyo kwenye mali yangu. Nikachukua spana nikaze kichwa cha chanya mwenyewe. Spana ikagusa bodi. Bodi nalo, sijui nani alipanga hivyo, limeungwa na hasi. Paa! Cheche, moshi, spana imemeguka jino, na mimi nimetoa sauti nyembamba ambayo sikujua kama ninayo. Watoto wa shule wanaiigiza hadi leo wakipita. "Ungefungua hasi kwanza, baba. Hasi inatoka ya kwanza, inarudi ya mwisho." Na kontrola nayo ina taratibu zake: unaiunga na betri kwanza, paneli baadaye, na ukibomoa unaanza kutoa paneli. Kwetu hata bwana harusi hana itifaki ndefu hivyo.

Betri nilikuwa nimeificha chini ya benchi la wateja, karibu na jiko la mkaa la kuchemshia maji. Binti alipoona hivyo aliacha hata kuniita baba. Kumbe betri ya maji ikichajiwa inatoa hidrojeni, na hidrojeni na kaa la moto havikai chumba kimoja. Ikahamia kwenye sanduku lake lenye tundu la kupumulia nje. Ina chumba chake, ina dirisha linalofunguka. Mimi na mama watoto hatuna.

Akapima. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia inasoma kama 12.7, ikifika 12.2 imebaki nusu, na hapo ndipo pa kuiachia. Yangu ilisoma 11.4. Betri ya gari imeumbwa kutoa nguvu nyingi mara moja, iwashe injini, ichajiwe tena. Ukiikamua kila usiku inakufa mapema, kwa kazi hii kuna betri za sola. Nikasingizia baridi. Huku juu tuko karibu mita 1,800, mwezi wa saba tunanyoana na makoti. Binti akakubali kidogo: baridi inapunguza nguvu ya betri. Halafu akaniongezea kwamba paneli yenyewe inafanya kazi vizuri zaidi kwenye baridi. Yaani hata vyombo vyangu havielewani.

Lakini aibu kubwa ilinipata wiki za mvua, jua hakuna. Nikavuta ekstensheni kwa jirani, ile ya nyaya mbili. Ikawaka vizuri tu. Mama mkwe akaja kutusalimia, pekupeku, viatu mkononi, maana tope. Akashika mpini wa mlango. Akaruka! Viatu kule, khanga huku. Alipotua alisema jambo moja tu: mkwe ameweka zindiko mlangoni ili yeye asiingie. Sasa Sumbawanga hii, wewe unasema neno hilo hadharani, unadhani watu watauliza kuhusu nyaya? Kikao cha ukoo kikakaa. Nikaketi kwenye kigoda kifupi mbele ya wazee nikijitetea kwamba si dawa, ni umeme unavuja kwenye bati. Mjomba mmoja akauliza, "Na huo umeme uliupata kwa nani?" Nikasema kwa jirani. Jirani naye akaitwa.

Aliyeniokoa ni binti yuleyule. Akaeleza kwamba bati lote la karavani lilitakiwa kuungwa na waya wa ethi, ule wa kijani na njano, na ekstensheni yangu haikuwa nao kabisa. Akaweka waya wa nyaya tatu, akagongelea fimbo ya ethi chini, akafunga na kikata umeme cha RCD cha miliampia 30, kinachokata kabla mtu hajapigwa vya kutosha. Akakiminya kitufe cha majaribio mbele ya kikao, kikakata, tak. Wazee wakaridhika. Mama mkwe hajaridhika. Akija anabisha hodi kwa fimbo ya mti, mkavu, akiwa amesimama mbali.

Basi wateja wangu, saluni ipo na inanyoa pande zote mbili. Simu ni jero, leteni kabla ya saa kumi jua likiwepo. Na wewe uliyeleta pasi ya wati 1,000 ukasema ni ya dakika moja tu: inveta yangu ni ya wati 300. Njoo uichukue pasi yako.