Hongera, Kanuni ya Mwenza

Mashehe wamewaidhi, mapadri wamekaripia, mashangazi wamenuna kwenye vikao vya ukoo, na bado watu wameendelea kuishi pamoja na kuzaa bila ndoa. Halafu mmoja wao anaajiriwa serikalini, hapa Tanzania. Afisa utumishi anamkabidhi fomu ya bima ya afya, naye akifika penye neno "mwenza" anakuta anadaiwa nakala ya cheti cha ndoa. Mahaba yaliyoshindwa kumfikisha bomani miaka yote hiyo sasa yanamkimbiza huko asubuhi na mapema, kutoa tangazo la siku 21. Mshenga gani amewahi kufanya kazi hiyo bila kudai hata soda?

Wanaoilaumu kanuni hii wanasahau ukarimu wake. Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uanze kazi mwaka 2001, kwa sheria ya 1999, mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3, na kwa makato hayo wanatibiwa watu sita: mchangiaji, mwenza na wategemezi wanne. Hao wanne ni watoto, au wazazi, au wakwe. Ukiwa na watoto watatu, basi mama yako na mama mkwe wanagombea kiti kimoja, na uamuzi wako utajulikana siku mmoja wao atakapopandwa na presha. Katika vurugu hiyo yote ni mwenza peke yake asiye na mpinzani.

Isipokuwa wakiwa wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya wake wengi, tena inatamka kwamba wake hao wana haki sawa. Maneno mazuri, ila hayamsaidii mume kuamua lolote. Fomu ndiyo inayomsaidia, maana ina nafasi ya mwenza mmoja. Bwana aliyekuwa akigawa vitenge kwa rula na zamu kwa kalenda, akiapa kwamba moyoni mwake hakuna mkubwa wala mdogo, sasa anaandika jina moja, kwa wino. Siri hiyo anaijua yeye na karani; baada ya homa ya kwanza inajulikana mtaa mzima.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 160, inaruhusu mahakama kudhania kwamba ndoa ipo pale mwanamume na mwanamke walipoishi pamoja miaka 2 au zaidi, watu wakiwajua kama mume na mke. Mahakama, maskini, inakaa kusikiliza majirani. Kanuni yetu haipendi umbea. Yenyewe inaamini muhuri.

Na mume na mke wote wakiwa walimu, kila mmoja anakatwa zake, ingawa makato ya mmoja yangetosha kuwatibu wote wawili. Wabishi wanaita hiyo kulipa mara mbili. Mimi naona ni usawa, na katika nyumba nyingine ndio usawa pekee uliopo.

Wamarekani nao wana yao. Mwaka 2013 kampuni ya UPS ilitangaza kuwaondoa kwenye bima yake wenza wapatao 15,000 ambao wangeweza kupata bima kwa waajiri wao wenyewe. Na kwa sheria yao ya afya ya 2010, mwajiri mkubwa anatakiwa awafikirie watoto wa mfanyakazi mpaka wafike miaka 26, lakini mwenza si lazima. Kijana wa miaka 25 mwenye ndevu zake anakingwa. Mama yake anaambiwa akaulize kazini kwake.

Kwa utumishi huu uliotukuka, naziomba kamati za harusi ziipe kanuni ya mwenza kiti cha mbele, karibu na keki. Kadi yake iwe ya singo. Ikija na mtu, mhudumu wa mlangoni amdai cheti.