Orijino ya Luthuli

Ukikaa Kitisuru, hata kama umepanga kile chumba cha nyuma tunachokiita SQ, watu hudhani pesa unaokota chini ya miti. Mwenye duka akisikia natokea upande wa Peponi Road, bei ya waya wa gita inapanda kabla hajanyanyuka kitini. Siku hizi nikishuka mjini husema natoka Kayole. Na bado haniamini, kwa sababu ya viatu.

Nafika Luthuli Avenue, naulizia waya. "Hii ni orijino, bosi." Luthuli kila kitu ni orijino, hata kile ambacho jina la kampuni limepungukiwa herufi. Nauliza, ndani kuna nini? Muuzaji ananitazama kana kwamba nimemuuliza kabila la waya. "Ndani kuna waya."

Sasa hapo ndipo tunapokosania. Waya wa gita na waya wa spika huvaa jeki ile ile ya milimita 6.35, lakini si ndugu. Wa spika ni nyaya mbili nene zinazokwenda sambamba. Wa gita una uzi mmoja katikati, umezungushiwa wavu wa shaba wa kuzuia kelele za nje. Chomeka wa spika kwenye gita uone amplifaya itakavyonguruma. Na wavu ukiwa haba, unanasa mambo ya watu. Nina mmoja wa bei ya sambusa uliodaka mahubiri ya redio katikati ya solo ya benga. Jirani alinishukuru kwa Neno la Bwana. Kwa gita lenyewe hajawahi kunishukuru.

Mwenye nyumba naye ana kijana mwenye pedali tano za gita na nyaya za kutoka ng'ambo, bei yake kodi yangu na chenji. Jeki zimepakwa dhahabu. Sikatai, dhahabu haishiki kutu, lakini haijamfundisha mtu kupiga benga. Miaka ya 1970 benga ilikuwa ikirekodiwa River Road, hapo hapo karibu na Luthuli, na sijamsikia mzee yeyote akilalamika kwamba santuri yake ilikosa dhahabu.

Kinachomsumbua kijana ni hesabu. Pedali tano zinataka nyaya fupi nne za kuziunganisha, halafu ndefu mbili, mmoja wa kutoka kwenye gita na mwingine wa kwenda kwenye amplifaya. Hizo ni jeki 12, na waya hufia kwenye jeki, si katikati. Moja ikilegea, pedali zote kimya, naye anapiga magoti kuzichomoa moja moja huku wageni wa mamake wakijifanya hawaoni.

Jeki iliyogandishwa kwa plastiki ikikatika ndani, ni ya kukatwa na kutupwa. Ile ya chuma unaizungusha, inafunguka, unaona lihamu na kile kibano kinachoushika waya usivutike. Wauzaji hawapendi uifungue. Mimi huifungua.

Halafu kuna urefu. Chumba changu ukinyoosha mguu kitandani unagusa amplifaya, lakini muuzaji anang'ang'ania nichukue mita kumi, "upate uhuru." Uhuru wa kwenda wapi, bafuni? Mita tatu zinanitosha. Waya ukizidi mita sita hivi, hasa kama gita halipiti kwenye pedali yoyote, zile sauti kali za juu huanza kufifia, na utakuwa umelipia mita za kukuharibia sauti.

Kwa hiyo msomaji, achana na orijino. Nunua waya wa gita kwa mita, ongeza jeki mbili za chuma zinazofunguka, umpe fundi alehemu ukiwa umesimama hapo hapo. Akimaliza, mwambie aupime kwa mita yake ya umeme, autikise tikise kwenye jeki, ndipo ulipe. Akikataa kupima, nenda kibanda kinachofuata.