Kisu cha Shemeji

Mtanzania akikuambia anakwenda kulala kwenye hema kwa hiari yake, muulize kwanza kama mwenye nyumba hajamtolea vyombo nje. Sisi tuliokulia kijijini tulipiga kambi utoto mzima bila kujua kama ni starehe: tulilala chini, tukapikia mafiga, tukaoga mtoni. Bibi yangu aliposikia wajukuu wake wanatoa hela ili wakalale porini, aliuliza kama huko mjini vitanda vimekwisha.

Lakini mambo yamegeuka. Arusha siku hizi kila mwenye kazi ya ofisini na kitambi cha wastani anamiliki hema, na mwenye hema hakosi kundi la WhatsApp la wenye mahema wenzake. Humo hakuna kinachobishaniwa kama kisu. Hema mtu ananunua kimya kimya, taa ya kichwani vilevile. Kisu, hapana. Kila mwanamume anaamini amezaliwa akijua kisu kizuri, kama anavyoamini kwamba angempangia kikosi kocha wa Yanga.

Mwenyekiti wa kundi letu ni shemeji, mume wa dada yangu mkubwa. Kisu chake alikinunua kwa machinga. Kilikuwa cheusi tii, mgongoni kina meno ya msumeno, mpini uko wazi ndani, na kwenye kitako cha mpini kuna dira. Ukifungua kizibo chenye dira unakuta njiti za kiberiti, sindano, uzi na ndoana. Muuzaji alimwambia, "Bosi, hiki ndicho wanachotumia makomandoo," na shemeji, ambaye kazini analipwa kukagua hesabu za watu, akatoa shilingi 25,000 bila hata kuomba apunguziwe. Dada alimuuliza swali moja tu: "Huko mnakokwenda kuna samaki?"

Tulikwenda Siha, magharibi ya Kilimanjaro, shambani kwa mzee mmoja rafiki wa baba. Hifadhini huruhusiwi kukata hata kijiti, ila kwa mzee kuni zilikuwa bwerere na mbuzi alipatikana palepale. Shemeji akasimamisha kipande cha mkaratusi, akaweka kisu juu yake, akaanza kukigonga mgongoni kwa rungu ili kipasue. Njia yenyewe si ya kijinga, watu hupasua kuni hivyo duniani kote. Kisu kiliingia vizuri, kikazama, shemeji akaanza kutugeukia ili tumwone. Mara tukasikia "ting!" Bapa likabaki limekwama kwenye mti, mpini ukabaki mkononi, na dira ikaendelea kuonyesha kaskazini kwa uaminifu mkubwa.

Kwa wasiojua, tatizo lilikuwa msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Kwenye kisu cha kazi, msuka ni chuma kilekile cha bapa, kinaendelea mpaka ndani sana ya mpini, na kwenye vingine unafika mwisho kabisa. Sasa ukitaka kuweka sindano, kiberiti na ndoana ndani ya mpini, msuka utaukalisha wapi? Unaukata. Bapa linashikwa kwa nati au kwa gundi pale shingoni, na hapo ndipo nguvu zote za rungu zinapokutana. Lawama za mpini huu wa wazi zianzie kwa Rambo wa sinema. Kisu cha filamu ya kwanza, ile ya 1982, kilitengenezwa kwa mkono na fundi wa Arkansas, Jimmy Lile, mtu aliyekuwa anajua anachofanya. Machinga hakununua kwa Jimmy Lile.

Mwenzetu mwingine alidharau mambo ya makomandoo. Yeye alikuja na kisu cha jikoni, chembamba, kikali hasa, na hoja yake ilikuwa ya maana: kama kinakata nyama nyumbani, porini kitashindwa nini? Kisu hakikushindwa. Kilichoshindwa ni ala, kwa sababu haikuwepo. Alikuwa amekizungushia gazeti na kukitia mfuko wa nyuma wa suruali. Alipoketi kwenye kigoda alichokaribishwa na mzee, aliinuka upesi kuliko alivyoketi, na historia yote ya shamba lile tangu enzi za wakoloni aliisikiliza akiwa wima, akitikisa kichwa kwa heshima. Mzee alimsifu sana kwa adabu, kijana wa mjini asiyekaa mbele ya wakubwa.

Kwa hiyo mbuzi alikuwepo, wataalamu wa visu tulikuwepo, ila kisu cha shemeji kimevunjika, na kile cha jikoni hakuna aliyetaka tena kukigusa. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na mwenye kisu kikali alikuwa kijana mchungaji wa yule mzee. Nilikiangalia kisu chake kwa karibu wakati anachuna. Bapa halikuzidi urefu wa kiganja, limeliwa katikati kwa kunolewa miaka mingi. Alama za nyundo bado zinaonekana mgongoni. Mpini wa mti ulikuwa umepasuka, naye kaufunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, umekaza na hautelezi hata mkono ukiwa na mafuta. Ala ilikuwa ya ngozi, imeshonwa kwa waya. Kwa kisu hicho alichinja, akachuna, akatenganisha viungo bila kuvunja mfupa, akachonga mishikaki ya miti, akakata kamba ya hema letu iliyojifunga fundo, kisha akajitoa mwiba mguuni. Shemeji akauliza bei kwa sauti ya chini. "Elfu saba, kaka," akajibu, "tena walinipiga."

Ndipo tukafunga safari kwenda Mamba, karibu na Marangu, ambako Wachagga wanafua chuma tangu zamani, na mikuki yao iliuzwa hadi kwa Wamaasai. Mhunzi tuliyemkuta alimsikiliza shemeji akieleza anachotaka: meno ya msumeno, ndoano ya kufungulia kopo, mahali pa kuweka dira. Akaweka nyundo chini.

"Kijana wangu, unataka kisu cha kazi au cha kupiga picha?"

Chuma chake ni springi za magari, zile bapa za Land Rover na malori. Ni chuma kizuri kwa kisu kwa sababu kina kaboni ya kutosha kushika makali, na kimezoea kupinda na kurudi bila kuvunjika. Alikipasha mpaka kikawa chekundu, akakipiga umbo, akakirudisha motoni, halafu akakizamisha kwenye oili chafu ya injini. Moshi uliotoka ulitufukuza wote nje isipokuwa yeye. Kuna kipimo pale ambacho mtu anaweza kukiona kwa macho: chuma kikifika joto la nyuzi 770 hivi, sumaku haikishiki tena, na hapo ndipo kinakaribia kuwa tayari kwa kuzamishwa. Mhunzi hana sumaku, anaangalia rangi tu. Baada ya oili alikipasha tena, safari hii kwa moto mdogo, kwa sababu chuma kikiwa kigumu kupita kiasi huvunjika. Mwisho akapitisha tupa kwenye makali. Tupa ikateleza bila kung'ata. "Hicho," akasema. Ukienda kununua kisu cha mhunzi popote, muombe akufanyie hivyo. Tupa ikila makali kirahisi, rudisha pochi mfukoni.

Cha dukani nacho kipo, sisemi vyote ni takataka. Mpwa wangu aliyesoma Uswidi alirudi na kisu cha Morakniv, kutoka Mora, mji mdogo ambako kampuni hiyo inahesabu mwanzo wake kuwa 1891. Bapa ni kama sentimita 10, mpini wa plastiki na mpira, ala ya plastiki inayobana vizuri. Kwao ni kisu cha kawaida cha kazi, cha bei rahisi. Msuka wake haufiki hata mwisho wa mpini, lakini ndani umeshikwa sawasawa na kisu kinapiga kazi. Unaponoa huhitaji kubahatisha pembe, unalaza ule mteremko mpana juu ya jiwe na kusukuma. Kina aina mbili. Cha chuma kisichoshika kutu ndicho cha watu wa Tanga na Dar, kwa ile hewa ya chumvi. Cha chuma cha kaboni kinanoleka upesi, lakini ukikatia ndimu na kukirudisha kwenye ala kikiwa kimelowa, asubuhi utakikuta kina madoa ya hudhurungi. Kifute, kipake mafuta ya kula, basi.

Na kunoa, tafadhali, nyumbani, kwa jiwe na maji. Mnoa visu wa baiskeli anapendeza kumtazama, miguu inapiga pedali na cheche zinaruka, ila lile jiwe kavu linaunguza makali. Ukiona ukingo umegeuka rangi ya bluu, ujue ile kazi yote ya mhunzi na oili yake imefutwa pale.

Ukubwa ndio unaowapoteza wengi. Mmarekani George Washington Sears, aliyeandika kwa jina la Nessmuk, alivicheka visu vinene vya wawindaji wa zama zake katika kitabu chake Woodcraft cha 1884. Yeye alibeba kishoka, kisu chembamba na kisu kidogo cha kukunja. Kwetu kishoka hicho ni panga, na panga liko nyuma ya mlango wa kila nyumba. Magogo liachie panga. Kisu kinachotaka kuwa panga, msumeno, dira na duka la uvuvi hakitamenya hata kiazi.

Kile cha Morakniv sasa hatunacho. Shemeji alikuwa amekiazima, tukapita nyumbani kwetu, ndiko ukweni kwake, kusalimia; mama yangu akakiona kiunoni mwake, akakiomba akate mchicha. Alikata mchicha, akakata nyama, akapasua nazi kwa mgongo wa kisu, kisha akakigeuza geuza mwangani. "Baba, kisu hiki kizuri sana," akasema. Kwa mila zetu sentensi hiyo haina jibu lingine. Shemeji akamwachia na ala yake.

Kwa hiyo ukiwa na shilingi 20,000 nenda kwa mhunzi, hakikisha tupa inateleza, uliza msuka umefika wapi, na usikubali kuondoka bila ala ya ngozi. Dira iko kwenye simu. Na ukiwa na kisu kipya kiunoni, usipitie ukweni.