Chelewa ya Mama Mkwe

Mwanangu wa kiume amerithi jina la baba yangu, kwa hiyo nyumbani hakuna anayemtaja kwa jina. Ni Babu. Babu ana mwaka mmoja na miezi saba, meno kumi na mawili, na mguu mnene kama andazi lililokolea hamira. Kisa chenyewe ni cha mguu huo.

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Viatu vyake vya kutokea, ambavyo mama yake alivipata mtumbani Karume kwa shilingi 5,000, vilikuwa vimeanza kumkataa. Ukimvisha anakunja vidole kama mtu aliyekanyaga mchanga wa saa saba mchana. Na sikukuu haipokei udhuru. Mtoto kuamka siku ya Idi hana kiatu kipya ni kesi, na mshitakiwa anajulikana.

“Nenda Kariakoo,” mke wangu akasema. “Mchukue mwenyewe, avishwe, atembezwe, mrudi.”

Anayeijua Kariakoo ya kumi la mwisho atanielewa. Mtaa wa Kongo siku zile hutembei, unatembezwa. Unaingia upande huu na shida ya kiatu, unatokezea upande wa pili umenunua seti ya vikombe na simu huna. Nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyefunga na kiu imemshika, kwamba siku hizi kila kitu kiko kiganjani. Akanitazama vile anavyonitazama ninaposema bomba la jikoni nitalitengeneza mwenyewe.

Baada ya tarawehe nikajilaza na simu. Ukurasa wa kwanza niliouangukia ulikuwa na viatu vya taa: mtoto akikanyaga, soli inawaka nyekundu na buluu. Bei haikuandikwa. Wauzaji wetu wa mtandaoni wanaitunza bei kama siri ya ndoa. “Bei njoo inboksi.” Nikaenda inboksi.

“Habari. Nataka kiatu cha Babu. Mguu wake mfupi lakini umejaa.”

“Pole sana bosi. Ni sukari?”

Tukapoteza robo saa kuelewana kwamba Babu ni mtoto. Akauliza namba. Nikageuza kiatu cha zamani, chini yake pameandikwa 4 G. Nikadhani G ni gredi, kama zile za marobota, nikamwonea huruma mwanangu kwa kuvalishwa kiatu cha daraja la saba. Baadaye nilikuja kujua kwamba viwanda vya Uingereza huweka herufi kuonyesha upana, na G ni ya mguu mpana. Yaani yule Mwingereza wa mtumba alikuwa amemwelewa mwanangu kuliko mimi. Usiku ule sikujua. Nikafanya hesabu ya baba yeyote: alikuwa 4, amekua, tuseme 5.

“Bosi 5 hakuna. Sisi tunaanzia 16.”

Ndipo nilipoingia kwenye pori la namba. Waingereza hupima kiatu kwa punje ya shayiri: punje tatu ni inchi moja, na kutoka namba hadi namba ni punje moja, karibu milimita 8 na nusu. Namba za watoto zinaanzia inchi 4, zinapanda hadi 13, halafu, usiniulize kwa nini, zinarudi tena 1, hata kiatu namba 1 kikawa kikubwa kuliko namba 13. Wafaransa, ambao namba zao zimeenea Ulaya na kwenye viatu vingi vya China tunavyoletewa, wanapanda kwa theluthi mbili za sentimita. Wamarekani nao wana zao, zimepishana kidogo tu na za Waingereza, kiasi cha kukupoteza bila wewe kushtuka. Kwa hiyo 5 ya mtoto kwa Mwingereza ni kama 21 au 22 kwa Mfaransa, na Babu ni yuleyule, anataka uji.

Muuzaji hakuwa na muda wa shayiri. “Mwaka na miezi saba anavaa 20. Wote wa umri huo tunawapa 20.” Kiatu 28,000, boda mpaka Tabata 5,000. Nikatuma, na ya kutolea juu.

Kesho yake simu ikaita: “Bro, niko hapa dukani kwa Mangi, njoo uchukue mzigo wa Babu.” Nikaenda mbio na ndala.

Sasa tazama sebuleni. Mama kamshika mtoto kwapani, mimi nimepiga magoti na kiatu. Vidole vikaingia, ukaingia na wayo, kisigino kikabaki nje kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Tukajaribu bila soksi. Tukajaribu na poda. Nikaleta kijiko cha chai nikakitia nyuma ya kisigino, nikasukuma, na kweli, mguu ukazama. Babu akasimama, taa zikawaka, akacheka. Nikamgeukia mke wangu na uso wa ushindi. Yeye hakuutazama uso. Aliinama, akabonyeza ncha ya kiatu kwa dole gumba, akauliza, “Vidole viko wapi?”

Vilikuwa vimejikunja humo ndani kama kuku kwenye tenga. Na mtoto hakulia, hilo ndilo lililonikaa rohoni baadaye. Mguu wa umri ule sehemu kubwa bado ni gegedu, haijakomaa ikawa mfupa. Ukiubana unabanika, na mwenye mguu anaendelea kucheka na taa. Ukingoja mtoto akwambie kiatu kinambana, utangoja sana.

Nikarudi inboksi. “Kiatu kikishavaliwa hakirudi,” akaandika. Nikamjibu kwamba hakijavaliwa, kimekataa kuvaliwa. Kimya cha nusu saa. Kisha akaja na rehema: 24 ile ile ya taa, mwisho 22,000, “atakulia humo bosi”.

Atakulia humo! Hakuna Mswahili asiyeijua kauli hii. Mimi mwenyewe nilipelekwa darasa la kwanza na sweta linalonifika magotini, na nililivaa mpaka darasa la nne. Nikaona mantiki. Nikatuma tena 22,000 na 5,000 ya boda. Mangi alipoona naenda kupokea mzigo wa pili akaniuliza kama nimefungua biashara.

Ile 24 ilikuwa mashua. Tukajaza pamba mbele, tukamfunga mikanda, Babu akawa anatembea kwa kuinua magoti kama askari wa gwaride. Hatua tatu anasimama, ya nne anakwenda chini. Kwa siku mbili alianguka kwenye kizingiti, kwenye mkeka, na mara moja bila kitu chochote, katikati ya sakafu tupu. Mdomo wa juu ukavimba. Mke wangu hakusema neno, na katika nyumba yangu hiyo ndiyo adhabu ya juu.

Ni katika hali hiyo mama mkwe alipofika kutoka Tanga, kuja kula Idi na “mume wake”. Basi lilichelewa, akaingia baada ya isha, na dakika ileile umeme ukakatika. Hebu piga picha: giza totoro, bibi kasimama mlangoni na kapu lake, mara kutoka koridoni vinakuja vimulimuli vyekundu na buluu, pwata, pwata, pwata, halafu kishindo miguuni pake.

“Shikamoo mama,” nikasema gizani.

“Marahaba.” Akamwinua mjukuu, akampapasa miguu. Mama mkwe wangu ni mtu wa adabu za kizamani, hawezi kumkosoa mkwe uso kwa uso. Maneno yangu yote hupitishwa kwa mtoto. “Mume wangu, masikini, nani kakuvisha mitumbwi? Eti? Mwambie baba yako bahari iko mbali na Tabata.”

Jioni ya pili, baada ya futari, akaomba ufagio. Si wa plastiki, ule wa chelewa wa uani. Akachomoa chelewa moja iliyonyooka, akaipangusa kwa khanga. Kisha akatoa amri, zote zikipitia kwa Babu. Mume wangu asimame, asikalishwe, maana mguu ukibeba uzito unatanuka na kurefuka. Mume wangu apimwe jioni hii hii, kwa sababu asubuhi mguu wa mtu ni mdogo. Akamsimamisha kisigino kikigusa ukuta, akalaza chelewa ubavuni mwa wayo, na kwa ukucha akatia alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Nikafikiri tumemaliza. “Na wa kushoto,” akasema. Wa kushoto ukazidi. Mimi nimeishi na miguu yangu miwili zaidi ya miaka thelathini, sikuwahi kuuliza upi mrefu.

Akachukua alama ya ule mrefu, akaweka kidole chake cha mwisho kwa upana mbele ya alama, akasema hapo ndipo pa kupumulia, akaikata chelewa kwa kisu.

Pangani alikokulia, akaeleza, wakati huu akimtazama binti yake, baba yake aliwapima watoto wote sita hivyo kila Ramadhani. Anafunga chelewa sita kwa uzi, kila moja na vikato vyake kichwani ili asizichanganye, anazitia mfuko wa koti, anakwenda nazo Tanga mjini. Dukani anaitumbukiza chelewa ndani ya kiatu: ikipinda, kiatu kidogo, ikicheza, kikubwa. Mwaka mmoja gari liliharibika njiani, ya kwake ikavunjikia mfukoni. “Nilikula Idi na kiatu kinaniuma,” akasema, “mpaka kilipompata mdogo wangu.”

Nikaiweka ile chelewa juu ya rula ya mke wangu. Sentimita 14 na nusu. Kisha nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo: nikapima viatu vyangu kwa ndani. Ile 20 ilikuwa na sentimita 12 na nusu. Mguu wa Babu wenyewe, bila nafasi ya kupumua, ni 13 na zaidi kidogo. Nilikuwa nimemtia mwanangu ndani ya kiatu kifupi kuliko yeye, tena kwa kijiko.

Nikapiga picha chelewa na rula, nikamtumia mama mmoja wa Mbagala anayeweka viatu kwenye stetasi yake. Sikutaja namba, sikutaja umri. Niliandika: “Mama, nataka kiatu ambacho urefu wa ndani ni huu.” Hakuniita bosi. Alichomoa soli ya ndani ya raba moja, akailaza juu ya futi kamba, akanirudishia picha: 14 na nusu kamili. Akaongeza video fupi anaikunja raba kwa vidole viwili, inakunjika pale mbele panapokunjika mguu. Raba ya kitambaa cha buluu, mkanda wa kunata unaofunguka mpaka chini, hata mguu wa andazi unaingia bila kijiko. Haina taa. 15,000, na boda 3,000. Chini yake imeandikwa 22, lakini wakati huo hata ingeandikwa 90 nisingeshtuka.

Ilimkaa. Mke wangu alibonyeza mbele, dole gumba likazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaleta kalamu. 33,000, na 27,000, na 18,000. “Sabini na nane elfu,” akasema. “Kwa pesa hiyo ungevaa wewe.”

Siku ya Idi Babu alivaa raba zake kutoka nyumbani hadi kwenye swala, na kutoka swala hadi kwa jirani wa kwanza. Kwa jirani wa pili alizivua, akampa bibi yake azishike, akaingia peku. Nilitaka kumvisha tena. Mama mkwe akamwambia mjukuu kwamba anayejifunza kutembea anajifunza kwa wayo, kiatu ni cha njiani kwenye miba na vigae vya chupa. Nesi wa kliniki aliniambia hivyohivyo nilipompeleka kwa hofu nyingine, kwamba alama yake bafuni ni bapa kama chapati. Alicheka: pale chini wamejaaliwa mafuta, tao litajitokeza lenyewe akikua.

Umri huu, aliniambia pia, mguu unaongezeka milimita moja au zaidi kila mwezi, kwa hiyo kila baada ya miezi miwili nimpime. Nimempima jana. Chelewa ya kwanza tumeichomeka nyuma ya fremu ya picha sebuleni, ya pili imeizidi kwa unene wa njiti ya kibiriti.

Ile 20 nilimpa jirani, binti yake ana miezi kumi na mmoja na imemkaa vizuri. Ile 24 bado iko kabatini, haijachubuka, taa zote zinawaka. Kama unaye mtoto, pima miguu yake jioni hii, amesimama, yote miwili, uongeze upana wa kidole. Urefu wa ndani ni sentimita 15 na nusu, nimeupima mwenyewe. Na bei naitaja hapahapa: 10,000, boda juu yangu.