Mpima Ardhi wa Meza ya Kijani

Kaka yetu mmoja hapa kijiweni hachezi pool, anapima viwanja. Kwanza chaki, anaipaka kama mama anayempaka mtoto poda. Kisha anaizunguka meza, analaza fimbo juu ya mpira anaoutaka, ncha ikielekea shimoni, jicho moja kalifumba. Anatafuta mpira wa kufikirika: pale mweupe unapotakiwa kuwa wakati wa kugusana, kitovu chake upana wa mpira mmoja, milimita 57, nyuma ya kitovu cha mwenzake. Hesabu iko sawa, hatumdai. Hata ile ya kuelekeza fimbo kwenye ukingo wa mpira ili ukatike nyuzi 30 anaijua. Kamfundisha mpaka muuza mishikaki.

Shida ni safari ya kurudi. Akitoka shimoni kuja nyuma ya mweupe, ramani yote huiacha njiani. Anainama, kiwiko kinachomoka kama bawa la kuku anayeoga vumbi, fimbo inakwenda inakotaka yenyewe.

Juzi mweupe uliingia shimoni peke yake, taratibu, kwa heshima zote.

"Meza imelala upande hii," akasema, akaomba chaki.