Namna ya Kuchunga Watoto Wawili Bergen: Mwongozo wa Mtu wa Mogitu

Kabla hujaendelea, hakikisha una sifa. Uwe umezaliwa Mogitu, wilayani Hanang, au mahali pengine ambapo asubuhi ya Julai mtoto hutolewa nje na mbuzi akiwa amejifunga shuka hadi masikioni, mkononi ana kiazi cha moto ambacho kwanza ni jiko, baadaye ndiyo kifungua kinywa. Uwe umewahi kupoteza mbuzi na kurudi nyumbani taratibu, ukipanga maneno njiani. Kama umepita hapo, umehitimu. Kulea watoto wawili wadogo huku Norway ni kuchunga kule kule, ila malisho yamelowa na wenye mifugo wanakufuatilia kwa simu.

Anza na jina. Usikurupuke, maana serikali inakupa miezi sita ya kulifikiria. Kwetu mtoto akizaliwa mvua inanyesha unaweza kumwita Tluway, kwa sababu tluway ni mvua kwa Kiiraqw, na mvua ni baraka. Bergen mvua hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Ukifuata mila kichwa kichwa, wodi nzima itakuwa ya akina Tluway. Mkubwa wetu alipozaliwa nilimpigia mama Mogitu, nikamwambia mvua inanyesha. Alipiga vigelegele, kisha akauliza imeanza lini. Nikasema Agosti. Ilikuwa Novemba. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi mpeni jina la babu yake."

Jina lolote utakalochagua, lijaribu kwanza mdomoni mwa muuguzi. Ile "tl" yetu inataka ulimi ujibanze na hewa ipasukie pembeni. Wa kwetu alijaribu mara tatu, akaomba radhi, akasema ataliandika tu. Wanorway wanaoiweza wapo, na ukikutana na mmoja muulize kama alipitia Haydom. Huko Mbulu wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway walifungua hospitali mwaka 1955 na kulea watoto wao humo humo, katikati ya Wairaqw. Dk. Øystein Evjen Olsen alikulia pale, na baadaye akaja kuwa mkurugenzi wa hospitali hiyo hiyo. Hao ndio watangulizi wetu katika fani hii. Tofauti ni kwamba wao walitoka kwenye mvua wakalifuata vumbi, na hakuna bibi wa Bergen aliyeweza kuwapigia kwa video kuuliza mtoto amekula nini.

Sasa kaa nyumbani. Baba anatengewa wiki 15 za likizo ya uzazi, zake peke yake, na asipozichukua zinapotea. Usizipoteze. Lakini usiwaambie wazee bila maandalizi, kama nilivyofanya mimi.

"Wamekufukuza?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Ni likizo ya uzazi."

"Nani kazaa?"

"Mke wangu."

"Sasa wewe unapumzika nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Majirani waliambiwa niko masomoni. Nadhani haukuwa uongo mkubwa. Katika wiki ya pili nilikuwa nimeshajifunza kukoroga uji kwa mkono mmoja na kubadilisha pampasi ya mtoto anayetambaa kuelekea mlangoni, jambo linalofanana sana na kumpa dawa mwanakondoo, isipokuwa mwanakondoo hucheka kidogo.

Tukija kwenye baridi, soma polepole, maana hapa ndipo ndoa na undugu hujaribiwa. Wanorway huwalaza watoto wachanga nje. Sikukosea kuandika. Ukienda chekechea saa sita mchana mwezi wa Januari utakuta vigari vimepangwa chini ya paa, kimoja kimoja kina mtoto ndani yake, amevaa sufu, amezamishwa kwenye mfuko mnene kama godoro, pua tu ndiyo inayoonekana. Kipimajoto ukutani kinasoma nyuzi tano chini ya sifuri. Walimu wako ndani wanakunywa kahawa. Kila baada ya muda mmoja hutoka, anaingiza kidole shingoni mwa mtoto kupima joto, anarudi. Watoto wanalala saa mbili nzima, tena usingizi ambao sijawahi kuupata tangu nihamie huku.

Kosa langu lilikuwa kumwonyesha mama kwa video.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala, mama."

"Mbona naona theluji?"

"Yuko nje kidogo."

"Mmegombana na nani?"

Nikaeleza habari za hewa safi, sufu, mfuko, na kwamba nchi nzima inafanya hivyo na watu wake wanaishi miaka mingi. Akampa simu mzee. Baba yangu si mtu wa maneno. Aliangalia kile kigari kwa muda, akasema, "Sisi mbuzi wenyewe tunawaingiza ndani," akarudisha simu. Tangu siku hiyo nina kanuni, nawe uichukue: video ipigwe mtoto akiwa sebuleni, amevaa sweta, na kamera isielekee dirishani. Ukiulizwa kuna hali gani ya hewa, sema "nzuri." Wanorway wana msemo kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna mavazi mabaya tu. Uzuri wa msemo huo ni kwamba kosa linakuwa lako kila siku.

Mavazi yenyewe ni kazi ya kuajiriwa. Fulana ya sufu, suruali ya sufu, sweta, soksi za sufu, ovaroli ya theluji, buti, kofia ya kufunika masikio, glovu. Kila kipande kiandikwe jina. Kwetu ng'ombe hupigwa chapa ili akichanganyika na wa jirani ajulikane, na kwa muda mrefu niliamini hakuna kiumbe kinachopotea kuliko mbuzi wa kahawia kwenye kichaka cha kahawia. Sikuwa nimekutana na glovu ya kushoto. Tumekwisha kupoteza kumi na moja, zote za kushoto. Ninaamini zipo mahali, zina zizi lao.

Ila siku utakapowaona walimu wakiwapeleka watoto matembezini, utawasamehe yote. Watoto kumi na wawili, vizibao vya rifleta kama vya bodaboda, kila mmoja kashika kitanzi cha kamba moja ndefu, mwalimu mmoja mbele na mwingine nyuma. Wakifika barabarani wanahesabiwa. Wakivuka wanahesabiwa tena. Wakirudi wanahesabiwa getini, mwalimu akigusa kofia moja baada ya nyingine, midomo ikicheza bila sauti. Nilisimama kwenye mvua nikiwatazama mpaka wakaisha kuingia. Baba yangu huhesabu hivyo hivyo jioni, mkono juu ya kila mgongo mlangoni mwa zizi, na ole wako umsemeshe akiwa katikati.

Habari ya saa nitaipitia haraka. Saa za Kiswahili zilitungwa na watu wenye jua la kuaminika. Huku mwezi wa Desemba jua linachomoza karibu saa nne asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri, na Juni linazama saa tano usiku. Mtoto wa miaka miwili anatakiwa alale saa moja. Mwambie "usiku umeingia" na atakuonyesha jua kwa kidole. Nunua mapazia meusi. Usibishane naye, kwa sababu ana haki.

Tukizungumzia kubishana: tangu mwaka 1987 sheria ya Norway inamkataza mzazi kumpiga mtoto. Sina ugomvi na sheria hiyo. Fimbo nilizokula nilipokuwa mchungaji hazikumrudisha mbuzi hata mmoja. Shida ni kwamba fimbo imeondoka na mkono umebaki mtupu, wala hujui uuweke wapi. Wenzetu huchuchumaa. Mtoto akigoma, mzazi anachuchumaa mpaka macho yakutane na macho, halafu mazungumzo yanaanza. Mchukulie binti yako kama mfanyabiashara wa mnadani Katesh, kwetu Hanang, anayejua kuwa gari lako la kurudi linaondoka sasa hivi.

"Vaa buti, mama."

"Hapana."

"Unataka jekundu au bluu?"

"Njano."

"La njano hatuna."

"Basi."

Hapo anakaa chini. Mnunuzi mzoefu hujifanya anaondoka. Fungua mlango, toka hatua mbili, mwambie kaka yake kwa sauti kwamba leo tutapitia kwenye madimbwi. Usigeuke nyuma. Ukisikia vishindo vya buti, bei imekubalika, hata kama buti la kulia limevaliwa kushoto. Usilirekebishe. Ukilirekebisha mnada unaanza upya.

Chakula cha mchana ni mkate wa baridi ndani ya kiboksi, wenye jibini ya kahawia iliyo tamu kama karameli. Mama huuliza kila wiki kama unga umetuishia. Unga wa ugali upo, kwenye duka la Wasomali. Mimi nimekula ugali wa jioni ulioachwa hadi asubuhi nikachunga nao mpaka saa kumi, kwa hiyo mkate wa baridi haunitishi. Kinachonishinda ni kuukata mraba. Vilevile, mara moja au mbili kwa mwaka wazazi huitwa chekechea kwa kile wanachokiita dugnad: kufagia majani, kupaka rangi uzio, kuhamisha mchanga. Huo ni msaragambo. Nenda na koleo lako na utafahamika mtaa mzima. Usipokwenda hutozwi faini. Wanakutazama tu, kwa upole, hadi mwaka unaofuata. Afadhali wangetoza mbuzi.

Jumapili kila familia hupanda mlima, ikibeba chungwa na chokoleti. Mogitu mtu hupanda mlima kwa sababu: kuni, au ng'ombe aliyepotea. Kupanda ili uteremke kunahitaji kuzoea. Bergen inajisifu kwa milima saba, na mrefu kuliko yote, Ulriken, una mita 643. Nilimtumia mzee picha yetu kileleni, mwanangu kainua mikono. Akajibu kwa ujumbe wa sauti: hicho kichuguu kina mchwa bado? Nikatafuta ulio mrefu kuliko yote Norway nzima, Galdhøpiggen, mita 2,469. Mlima wetu wa Hanang unapita mita 3,400. Tuliucheka utani huo mwaka mzima.

Haukuendelea. Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, matope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Sisi tulikuwa tumeshafungasha machungwa. Simu za Mogitu hazikupatikana hadi mchana. Mwanangu, miaka mitatu wakati huo, alikaa mlangoni amevaa ovaroli, akiuliza mlima tunakwenda saa ngapi. Mwongozo huu hauna hatua ya siku hiyo. Nilimmenyea chungwa, nikalimenya lote kipande kipande, mpaka simu ikaita na sauti ya mama ikasikika.

Adabu. Walimu wa huku huitwa kwa majina yao na husalimiwa "hei," neno ambalo kwetu unamrushia punda. Fundisha shikamoo mapema, lakini chunga unavyoifundisha. Mimi kila nikimpa mwanangu simu nilimnong'oneza, "Sema shikamoo." Akaelewa kwamba salamu kamili ndiyo hiyo. Siku moja akaishika simu mwenyewe, akamwamuru bibi yake kwa sauti ya mwenyekiti wa kijiji: "Sema shikamoo!"

"Shikamoo, mume wangu," mama akajibu.

"Marahaba," akasema, akakata simu.

Sasa ndivyo wanavyosalimiana, na nimeshakata tamaa kurekebisha.

Mwisho, wapeleke nyumbani. Mtoto mwenye pasipoti ya Norway atalipiwa viza ya dola 50 ili aruhusiwe kwenda kumsalimia bibi yake. Lipa kimya kimya. Kutoka uwanja wa ndege wa KIA pita Arusha, Makuyuni, Babati, na ujiandae kwa maswali ya kila punda atakayeonekana. Marafiki zao wa chekechea watakuwa wamewaaga kwa kofia za jua, maana kila mtu anajua Afrika ni joto.

Tulifika Julai. Usiku wa kwanza binti alitetemeka hadi meno yakagongana. Nikafungua begi lililokuwa na nguo za kuogelea, nikapekua mpaka chini, nikakuta zile sufu ambazo mke wangu alizificha bila kuniambia. Asubuhi watoto wote wawili walitoka nje wamevaa sufu mwili mzima, ovaroli juu, kofia masikioni, glovu tatu kwa mikono minne, wakasimama mlangoni mwa zizi kuwatazama mbuzi wakihesabiwa. Mzee alimaliza kuhesabu kwanza. Kisha akamsogelea mjukuu, akashika kitambaa cha ovaroli, akaingiza kidole shingoni kwake kupima joto, akakaa hivyo kitambo.

"Hizi," akasema, "za watu wazima zipo?"

Nikasema zipo.

"Bluu," akasema. "Na iwe imeshafika kabla ya Juni."