Mguu wa Kulia Una Masikio

Magari mengi tunayoendesha huku Nyanda za Juu Kusini yalizaliwa Japani, na redio zake hazijakubali kuhama. Kule FM ilipangwa kuanzia 76 hadi 90; kwetu inaanzia 87.5 hadi 108. Mwenye gari la mtumba anabaki na kichochoro chembamba ambamo stesheni mbili tatu zinasukumana, na baada ya hapo ni mvumo mtupu. Wapo mafundi wanaofunga kidude kwenye waya wa antena, kikahamisha masafa, ingawa tangu siku hiyo namba unayoiona kwenye kioo na stesheni unayoisikia havijuani tena. Gari langu lilifungiwa kidude hicho Iringa mjini. Kilifanya kazi vizuri sana mpaka Ipogolo.

Kilichobaki kikisema ndani ya gari ni yule dada wa Kijapani. Madereva wengi wa Tanzania wanamfahamu: ukiwasha tu, anakuarifu kwa upole wa ajabu kwamba kadi ya ETC haijachomekwa, yaani kadi ya kulipia barabara za mwendo kasi za kwao. Maskini, hajui kwamba barabara kuu ya TANZAM tunapita bure na kulipa faini tu. Shangazi yangu, tulipokuwa tunaondoka Iringa kwenda Mbeya kwenye sendoff ya binti wa binamu yangu, alimsikia, akaitika, "Marahaba, mama." Kisha akaniuliza huyo mwanamke anasemaje.

"Anasema kadi haijawekwa, shangazi."

"Kadi? Mchango nimeutoa tangu mwezi wa kwanza, na nimelipia dabo. Mwambie aangalie vizuri kwenye daftari."

Shangazi hasafiri bila vitu viwili. Cha kwanza ni mfuko wa nyuzi, maana tangu alipostaafu anafuma: vitambaa vya makochi, kofia za watoto, na sweta ambazo kwa baridi ya Mafinga hakuna anayethubutu kuzikataa. Cha pili ni redio yake ndogo ya flashi, ile inayoning'inizwa shingoni. Kijana wa sokoni aliyemwekea nyimbo alizishindilia kama viazi kwenye lumbesa: kwaya za Kilutheri, Remmy Ongala, taarabu, bolingo, na katikati, sijui kwa dhambi gani, singeli. Hakuna mpangilio. Kwaya ikisema "amina" hujui atakayefuata ni nani.

Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na mimi niliamini kwamba mwendo wa gari anauamua dereva. Kumbe mwaka 2002 mtafiti Warren Brodsky wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israel, alichapisha matokeo ya kuwaweka watu kwenye gari la kuigiza, akawapigia muziki wa mapigo tofauti. Kadiri muziki ulivyokwenda haraka ndivyo nao walivyokwenda haraka, na taa nyekundu wakazidi kuzipita. Angepanda na sisi pale Ifunda angeokoa gharama. Kwaya ilipoimba tulitambaa, malori ya Tunduma yakatupita hata kwenye mpando, madereva wake wakituchungulia kwa huruma. Kwaya ikaisha. Ikaingia singeli, muziki wa mapigo 200 na zaidi kwa dakika, na misonobari ya Sao Hill ikaanza kurudi nyuma kwa kasi ambayo mimi, nakuapia, sikuiagiza. Mguu ulikuwa wangu, lakini ulikuwa unamsikiliza mwimba singeli wa Manzese.

Mbele kukatokea kibao cha 50. Kila anayeijua barabara hii anajua kwamba baada ya kibao cha 50 huja mti, na nyuma ya mti huja tochi, na baada ya tochi huja shilingi 30,000. Mabasi yana kifaa cha mamlaka ya usafiri, LATRA, kinachopiga kelele dereva akivuka 80. Mimi nina shangazi. Hakunigombeza, hakushika dashibodi. Alizima redio, akafumba macho, akaanzisha wimbo wa mazishi, ule wa polepole kabisa ambao huimbwa jeneza likiwa bado linatafuta mlango. Kufika ubeti wa pili mguu wangu ulikuwa umeinuka wenyewe na sindano ya spidi imelala.

Trafiki alitoka nyuma ya mti akatusimamisha hata hivyo. Alisogea dirishani, akasikiliza kidogo, akavua kofia.

"Poleni na msiba, mama."

"Tumeshapoa, baba," akajibu shangazi bila kufumbua macho.

Tukaruhusiwa kwenda. Baada ya kona akawasha redio.

Makambako tulisimama kununua chai, maana upepo wa pale hauna adabu, na ndipo shangazi alipoanza mkono wa pili wa sweta ya mjukuu wake. Ule wa kwanza ulikuwa umefumwa zaidi kwenye kwaya, kwa mikono iliyotulia, uzi ukilegea kwa raha zake. Wa pili uliangukia kwenye bolingo. Wimbo ukiwa bado unabembeleza mambo yalikuwa salama, lakini gitaa lilipoingia kwenye sebene, sindano zilianza kugongana, mabega yakafuata, uzi ukavutwa mpaka ukalia. Igawa, joto la Usangu lilipotupokea, alivua kitenge cha mabegani akailinganisha mikono yote miwili magotini. Mistari ilikuwa sawa, aliihesabu mara mbili. Ila mkono mmoja ulikuwa wa mtoto na mwingine ulikuwa wa mwanasesere.

Akanigeukia. "Umeendesha vibaya."

Kuna wimbo mmoja tu uliomfanya aache kufuma kabisa: "Masafa Marefu" wa Tancut Almasi Orchestra. Vijana wa leo huenda hawajui kwamba miaka ya 1980 Iringa ilikuwa na kampuni ya kukata almasi, na kampuni hiyo ilikuwa na bendi, na bendi hiyo ilikuwa na mapacha kutoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, waliokuwa wakiimba hadi watu wanasahau nani alikuja na nani. Mchana vito, usiku magitaa. Wachumi watanipinga, lakini sijaona tena mpango wa maendeleo uliokamilika namna ile. Shangazi aliusikiliza wote akiwa ametazama mashamba ya mpunga. Nilipomuuliza kama alikuwa akienda dansini enzi hizo, alisema yeye alikuwa mtu wa kanisani, kisha akanisahihisha mahali ambapo saksafoni huingia.

Uyole tuliingia jioni, na foleni ya malori ikatumeza. Nilikuwa natafuta upenyo pikapu iliponipita pembeni, nyuma imebeba vijana wa matarumbeta wakipuliza kwa mashavu yao yote, na nyuma yao msafara wa magari yenye maua na taa za kuwakawaka. Kabla sijafunga kioo, kijana mmoja alikuwa ameshalifunga gari letu utepe mweupe. Ukumbi wetu ulikuwa Mwanjelwa. Pikapu ilikata kona kabla ya hapo, na mguu wangu, ambao kufikia saa hiyo nilikuwa nimeacha kubishana nao, ukakata kona pamoja na tarumbeta.

Mlangoni shangazi aliulizwa anatoka upande gani, akajibu Iringa. MC akatangaza kwamba ujumbe wa Iringa umewasili. Shangazi akashika maiki, akasema "Kamwene!" na nusu ya ukumbi, Wahehe na Wabena waliohamia Mbeya, ikaitika "Kamwene!" kwa sauti ya kuinua turubai. Tukapelekwa meza ya mbele. Bibi harusi mtarajiwa alipoingia nilimtazama kwa makini: alikuwa binti mzuri, mwenye tabasamu zuri, na sikuwa nimewahi kumwona maishani mwangu.

Simu ikaita. Alikuwa binamu, anataka kujua tumefika wapi, watu wanatusubiri. Shangazi aliipokea akiwa ameshasimama na sahani mkononi, anacheza.

"Sisi tumefika zamani, mwanangu, tuko meza ya mbele kabisa," akapiga kelele kuyashinda matarumbeta. "Ni nyie tu ndio hatuwaoni!"